GRANDMA, FamilySearch au GAMEO: unatafuta mababu Wamennonite, uanzie wapi?

Mama mkwe wangu ana kopo la bati la biskuti, humo ndani kuna picha za watu waliokaa wima kama wanasubiri hukumu, na kikaratasi kimoja cha mwandiko wa Kijerumani wa zamani chenye vitu vitatu tu: Katharina Wiebe, mwaka 1869, na neno Schönwiese. Siku aliyonikabidhi akasema mwanangu wewe si una laptopu, hebu niangalizie huyu ni nani kwangu. Mi mtu wa Musoma, nimekulia Kanisa la Mennonite Tanzania, nikaoa huku Winnipeg, nikajisemea hii ni ishu ya jioni moja, naingiza jina, napata jibu, nalala. Ilinila miezi minne.

Shida sio kwamba taarifa hazipo, zipo mpaka zinakera. Shida ni kwamba ukiuliza watu wa huku uanzie wapi kila mtu anakupa jina lake, huyu anasema lipia GRANDMA, databesi ya nasaba ya Kimennonite, yule anasema pesa ya nini wakati FamilySearch, tovuti ya nasaba za watu wote, ni bure, mwingine mstaafu mmoja hivi anakwambia soma GAMEO, ensaiklopidia ya Wamennonite, kwanza ndo uje tuongee. Nimezitumia zote tatu, kwa hiyo naziweka hapa pembeni kwa pembeni, uone ipi inakufaa kwa hali yako.

Nimezipima kwa nini

Vitu vitano. Moja, yumo nani humo ndani, maana Wamennonite sio ukoo mmoja. Mbili, pesa na usumbufu wa kuingia. Tatu, ukiwa na jina ambalo wamelibeba watu mia mbili, itakusaidia kumpambanua wako? Nne, habari kaiandika nani na nani anaruhusiwa kuigeuza. Tano, ukimaliza unatoka na nini mkononi, majina na tarehe tu au na stori.

Kabla hujachagua, jua uko mto upi

Hapa naomba utulie kidogo, maana watu wengi wanaopoteza hela wanazipotezea hapa.

Wamennonite wana mito miwili mikubwa ya nasaba. Mto wa kwanza ni wa Uswisi na Ujerumani ya kusini, wale walioanza Zürich mwaka 1525 na ubatizo wa watu wazima, wakafukuzwa huku na huku, wengi wakaishia Pennsylvania, Lancaster walifika 1710. Majina yao ni kina Stauffer, Landis, Hershey, Brubaker, Yoder. Mto wa pili ni wa Uholanzi na Friesland, nyumbani kwa Menno Simons mwenyewe, hawa walikimbilia kwenye mabonde ya mto Vistula karibu na Danzig, huko ndo Prussia, wakakaa huko miaka kama mia mbili, halafu wakaitwa na Malkia Katarina wa Urusi wakafungua koloni la Chortitza mwaka 1789 na Molotschna mwaka 1804, huko ndo Ukraini ya leo. Kuanzia 1874 maelfu wakahamia Manitoba, Kansas na Nebraska, 1922 baadhi yao wakatoka Kanada kwenda Meksiko, na miaka michache baadaye wengine Paragwai. Lugha ya nyumbani ni Plautdietsch, aina ya Kijerumani cha kaskazini, majina ni kina Wiebe, Friesen, Dyck, Penner, Klassen, Thiessen.

Sasa kwa sisi tuliokulia Mara kuna mtego. Wale wamisionari tunaowasikia tangu Sunday school, waliofungua kituo cha misheni cha Shirati mwaka 1934, kina Elam Stauffer, walitumwa na watu wa Lancaster, mto wa kwanza kabisa. Kwa hiyo mimi nilipofika Winnipeg nilidhani Mmennonite ni Mmennonite tu, kumbe wakwe zangu ni mto wa pili, na hata supu ya borscht wanayopika ya kabichi wameibeba kutoka Urusi, huko Lancaster wala hawaijui hivyo. Ukikosea mto unaweza ukalipia databesi nzuri sana ambayo haina hata shangazi yako mmoja.

GRANDMA

Jina limetengenezwa makusudi lisomeke kama neno la Kiingereza la bibi, ila herufi zinasimama kwa daftari na databesi ya nasaba ya Kimennonite. Inasimamiwa na Chama cha Historia cha Wamennonite wa California, pale Fresno. Zamani ilikuwa inakuja kwa CD, siku hizi unaingia mtandaoni.

*Yumo nani.* Mto wa pili, na hawafichi hilo. Ina watu zaidi ya milioni moja waliounganishwa kwa ndoa na uzazi, Prussia, Urusi, Kanada, Marekani, Meksiko, Paragwai. Kama wako ni wa Lancaster au ni Waamish, ndugu zao wa mto wa kwanza, usitegemee kitu, utakutana na wachache tu walioingia kwa kuoana.

*Pesa.* Unalipia. Mi nililipa dola 20 za Marekani kwa miaka 2, bei ya sasa iangalie mwenyewe kabla hujatoa kadi. Ukilinganisha na zile kampuni kubwa za nasaba zinazokata kila mwezi, hii ni bei chee.

*Kutafuta.* Hapa ndo inapowaacha wenzake mbali. Kila mtu ana namba yake, na ukishaijua namba ya bibi umemaliza ubishi, ndo maana kwenye mikutano ya ukoo huku watu wazima kabisa wanatambulishana kwa namba. Imetengenezwa na watu wanaojua kwamba Dyck, Dick na Dueck ni nyumba moja na kwamba Tina ni Katharina na Neta ni Aganetha. Unaweza pia kutoa orodha ya mababu wa mtu kurudi nyuma vizazi kibao, na kulinganisha watu wawili uone wanakutania wapi. Mama mkwe na mumewe wanakutana mara tatu. Aliposikia alicheka, akasema alikuwa anashuku.

*Nani kaandika.* Watu wa kujitolea, wakikusanya kutoka vitabu vya makanisa, vitabu vya koo na taarifa zinazotumwa na familia. Wewe huwezi kuingia ukabadilisha, unatuma masahihisho na wao wanayapitia. Uzuri wake ni kwamba hakuna mtu atakuvurugia mti usiku wa manane. Ubaya ni kwamba unaona jibu bila kuona karatasi, mara nyingi chanzo ni maneno machache ya kifupi tu, picha ya ukurasa wenyewe huioni.

*Unatoka na nini.* Mifupa. Majina, tarehe, vijiji, ndoa. Nyama utatafuta kwingine.

Inamfaa aliye na mto wa pili na walau jina moja lenye tarehe, hasa anayetaka kuruka vizazi vitano fasta. Asiye na uhakika na mto asubiri.

FamilySearch

Hii ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale tunaowaita Wamormoni, makao Salt Lake City. Wamekuwa wakipiga picha rejista za dunia nzima kwa miongo na miongo.

*Yumo nani.* Kila mtu, mito yote miwili na jirani zao. Ndo uzuri na ndo balaa. Hawajali kama mtu ni Mmennonite, wanajali kama alihesabiwa, alisafiri, alioa au alikufa mahali wanapoandika.

*Pesa.* Bure, unafungua akaunti basi. Ila rekodi nyingine picha yake haifunguki nyumbani, mpaka uende kwenye kituo chao, na hicho kituo kinaweza kuwa mbali na wewe.

*Kutafuta.* Peke yake na jina tu, utalia. Katharina Wiebe wanakuja kama kumbikumbi mvua ya kwanza. Ukiwa na mahali na miaka na jina la mume, mambo yanageuka. Kuna kitu kimoja nilikipenda sana: rejista za serikali za Chihuahua, Meksiko. Kule mtoto anaandikwa majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, kwa hiyo karani wa Kimeksiko aliyekuwa hajui hata neno moja la Plautdietsch amekuachia jina la ukoo wa mama bila kuombwa. Wakati kwenye karatasi za Urusi mama anaweza kuwa "mke wake Maria" tu, Maria wa nani Mungu anajua.

*Nani kaandika.* Gawanya kichwani mara mbili. Kuna rekodi, yaani picha ya karatasi yenyewe, sensa ya Kanada, orodha ya meli, cheti cha kifo, hizo ni ushahidi. Halafu kuna mti mmoja wa dunia nzima ambao mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuongeza, kufuta na kuunganisha. Huo mti uchukulie kama maneno ya jirani, unayasikiliza halafu unaenda kuulizia.

Na kuna jambo la imani, nalisema bila ugomvi. Kanisa lao linabatiza kwa niaba ya marehemu, na kutafuta nasaba kwao kunaendana na hilo. Kwa familia nyingi hakuna shida. Ila mama mkwe wangu alinyamaza muda mrefu nilipomweleza, maana hawa ni watu ambao mababu zao walizamishwa mitoni na kuchomwa moto kwa kusema ubatizo ni uamuzi wa mtu mzima mwenyewe. Muulize mzee wako kwanza kabla hujamwingizia wazazi wake humo.

*Unatoka na nini.* Karatasi halisi. Saini ya mtu, umri aliojitajia, ng'ombe alionao kwenye sensa. Kwangu hiyo ina thamani kuliko tarehe kumi.

Inamfaa asiye na hela, asiyejua mto wake, wa Lancaster, na yule aliyekwishapata majina kwingine na sasa anataka kuthibitisha. Haimfai mwenye papara.

GAMEO

Ensaiklopidia ya mtandaoni ya Waanabaptisti, yaani Wakristo wa ubatizo wa watu wazima, na Wamennonite wa dunia, ilianzia Kanada mwaka 1996. Sio databesi ya nasaba, nawaambia mapema msije mkanitukana.

*Yumo nani.* Mito yote miwili pamoja na makanisa ya Afrika, Asia na Amerika Kusini, lakini sio kila mtu. Wasifu wengi ni wa maaskofu, wahubiri, walimu, wamisionari. Babu yako mkulima wa ngano aliyeishi kimya akafa kimya hayumo.

*Pesa.* Bure na hakuna akaunti.

*Kutafuta.* Usitafute mtu, tafuta jina la ukoo, kijiji na kanisa. Ina makala za majina ya koo zikieleza jina lilitokea wapi na tahajia zake, na makala za vijiji ambazo ndizo zilizoniokoa. Kumbe hawa watu kila walipohama walibeba majina ya vijiji kama sisi tunavyobeba majina ya babu. Schönwiese ilikuwepo Prussia, ikawepo Chortitza, ikawepo Manitoba. Kikaratasi cha mama mkwe kina mwaka 1869, Manitoba walianza kuingia 1874, kwa hiyo Manitoba ikajifuta yenyewe. Hesabu ya dakika mbili, na nilikuwa nimeshamaliza wiki nzima nahangaika na sensa ya Manitoba.

*Nani kaandika.* Wanahistoria, makala nyingi zina jina la mwandishi na marejeo chini, na nyingine zimetoka kwenye ensaiklopidia ya zamani ya vitabu ya miaka ya 1950, kwa hiyo angalia umri wa makala kabla hujaapa nayo.

*Unatoka na nini.* Stori. Kwa nini walihama, kwa nini kanisa liligawanyika, kwa nini bibi yako alikuwa kundi lisiloruhusu vifungo vya nguo. Ukiwa na bahati babu alikuwa mhubiri, utapata wazazi, mke na watoto wake kwenye aya moja.

Inamfaa anayeanza bila kujua chochote, na anayeandika historia ya ukoo. Anayetaka chati ya vizazi atatoka mikono mitupu.

Mitego ambayo hakuna hata moja kati ya hizi tatu itakuepusha nayo

Nilimpata Katharina wangu, baba na mama wamekaa sawa, kijiji sawa, nikashangilia nikaita watu. Alizaliwa Januari 1868. Nikamuunganisha na mume na watoto tisa kwenye mti wangu wa kwenye laptopu, nikauprinti, nikampelekea mama mkwe na chai. Akavaa miwani, akaangalia, akachukua kile kikaratasi akakiweka pembeni ya printi yangu, kidole kwenye 1869, akaniangalia bila kusema neno. Kumbe yule wa 1868 alikufa mchanga, wazazi wakampa jina lilelile binti aliyefuata. Nilikuwa nimemuozesha mtoto wa miezi michache. Na ilikuwa desturi, sio bahati mbaya, mtoto akifa jina linarudi kwa anayefuata, kwa hiyo ukiona wawili jina moja wazazi walewale usiwaunganishe, angalia nani alikufa lini.

Mwingine ni kalenda. Urusi walitumia kalenda ya zamani mpaka 1918, na karne ya 19 ilikuwa nyuma kwa siku 12. Mtu mmoja anaweza kuwa na tarehe mbili za kuzaliwa zilizopishana siku 12 na zote ni za kweli.

Halafu ubatizo. Tumezoea tarehe ya ubatizo ipo karibu na ya kuzaliwa, kwao mtu anabatizwa akiwa na miaka kama 20 hivi, mara nyingi karibu na ndoa. Ukiona ubatizo 1890 usiandike alizaliwa 1890.

Na ile herufi ya katikati. Jakob P. Friesen wa Urusi, hiyo P mara nyingi ni jina la baba yake, Peter. Kaherufi kamoja kamekupa kizazi kizima bure. Ila kwa waliokaa Kanada usiamini kirahisi, wengine waliweka ya ukoo wa mama.

Kwa hiyo wewe ufanyeje

Una jina la ukoo tu na hujui mto. Fungua GAMEO, soma makala ya hilo jina, nusu saa inatosha. Hela usitoe bado.

Una jina, tarehe na kijiji cha mto wa pili. Lipia GRANDMA, chukua namba, halafu zile tarehe muhimu kazitafutie karatasi FamilySearch. Hii ndo njia niliyoishia nayo mimi, ila nina mkwe mwenye kopo la biskuti, wewe unaweza usiwe na hata kikaratasi.

Familia ilitoka Urusi baada ya mapinduzi, kati ya 1923 na 1930, hawa wanaitwa Russländer huku. Kabla ya zote tatu tafuta kadi za usajili za Bodi ya Kanada ya Kuwahamisha Wamennonite, zipo mtandaoni bure, watu zaidi ya 20,000, kadi ya familia nzima na kijiji walichotoka. Ukitoka hapo GRANDMA inakuwa mteremko.

Walitoka Ukraini na jeshi la Wajerumani 1943 wakaja Kanada au Paragwai baada ya vita. Kuna fomu za uraia walizojazishwa na Wajerumani, zinaitwa EWZ, na ndani watu walitaja mpaka babu na bibi. Tahadhari tu, wazee wengi hawapendi kuongelea hiyo miaka, usimwendee mtu na fomu mkononi asubuhi asubuhi.

Wako wa Meksiko au Bolivia. GRANDMA kwa vizazi vya nyuma, FamilySearch kwa Meksiko yenyewe.

Unaenda nyuma kabisa, Prussia. Mwaka 1776 serikali iliwahesabu Wamennonite wa bonde la Vistula, lakini waliandika jina la mkuu wa kaya tu, wengine ni idadi, wana wangapi mabinti wangapi. Kwa hiyo hapo hata GRANDMA kuna sehemu inakisia kwa akili, isome kwa makini zaidi.

Wako ni wa Lancaster, au unamfuatilia mmisionari wa Shirati au Bukiroba. Achana na GRANDMA. FamilySearch inafaa, GAMEO kwa wasifu, na Lancaster kwenyewe kuna maktaba ya Mennonite Life yenye makabati ya kadi za nasaba za watu wa mto wa kwanza.

Bajeti sifuri. FamilySearch na GAMEO pamoja, polepole, na daftari pembeni la kuandika umeona wapi nini.

Na kama wewe ni Mmennonite wa kwetu, Mjaluo, Mkurya au Mjita unatafuta babu yako mwenyewe, tusidanganyane, hizi databesi hazijamuandika. GAMEO itakupa kanisa lilifunguliwa lini, na habari za Zedekia Kisare aliyekuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania (KMT) mwaka 1967, basi. Mimi upande wangu wa Musoma upo kwenye daftari la kaunta lenye jalada jekundu, na shangazi yangu ndo anayejua nani alimuoa nani, na kila nikimpigia hana chaji.